Eda Isiyokwisha

Mwanga wa alasiri huingia katika nyumba za Mji wa Kale kwa kuomba ruhusa. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zimekaribiana hata jirani akipiga chafya huna haja ya kuinua sauti kumwombea rehema, na jua likitaka kupita hapo kati halina budi kujibana. Likifika ndani huwa kimebaki kipande tu. Kipande hicho hupita dirisha la juu, hushuka na ukuta, huja kulala sakafuni mbele ya kitanda cha Bi Ummukulthum, na hapo ndipo vumbi huonekana. Vumbi lililokuwepo tangu asubuhi na hakuna aliyelijua. Hupanda, huelea, hushuka, halitui.

Bi Ummukulthum hulitazama. Hulitazama kwa utulivu wa mtu asiye na kazi wala haraka, mikono juu ya kanga, midomo ikisogea bila neno. Kisha muadhini huadhini katika msikiti wa kichochoro cha pili, na yeye huinua kichwa. Husikiliza mpaka mwisho. Hugeuka, huuliza.

"Mwenyewe yuwapi?"

Mwenyewe ni mumewe. Umri wake wote hakuwahi kumwita kwa jina, maana wanawake wa rika lake hawakulelewa hivyo. Mwenyewe ametoka, mwenyewe amerudi, mwenyewe hali pilipili. Jina lake Sheikhan, na msikiti huo wa kichochoro cha pili ndio aliouadhinia tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe. Watu wa mtaa walipanga siku zao kwa koo lake. Mkewe alipanga chungu chake kwa koo hilo hilo: adhana ikianza, wali huepuliwa.

Sheikhan alizikwa mwaka jana, Idi ikiwa imepita punde. Bi Ummukulthum alimlilia. Alikaa eda yake kama ipasavyo, akavua bangili, akaacha wanja, akaacha asmini, hakuonana na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa wa damu, mpaka muda ukatimia akatoka. Yote hayo aliyafanya, tena kwa adabu. Kisha kusahau kukaja. Na kusahau kuna hiana, niamini. Hakukumnyang'anya mume. Kulimwachia mume mzima mzima, kukamnyang'anya kifo chake.

Basi akiuliza, ajibiwe nini?

Mahfudha, bintiye mkubwa, alijibu kweli. Mahfudha ni mwalimu wa chuo, amewasomesha Kurani wasichana wa mtaa tangu aliporudi kwa wazazi na talaka yake mkononi, na ulimi wake haujui kona. Alikaa kitandani, akamshika mamake mkono, akasema, "Baba amefariki, mama. Mwaka jana. Tulimzika."

Na mama akafiwa. Msidhani alikumbuka. Alifiwa upya, kwa kishindo kile kile cha mwanzo, macho yakimtoka, mkono ukitafuta mahali pa kujishikiza. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tena, akafiwa tena. Sijapata kusikia mwanamke aliyefiwa na mume mmoja mara nyingi kiasi hicho.

Na kila alipofiwa, aliingia eda. Hapo mwili wake ulikumbuka kile akili ilichoacha. Alivua bangili akaziweka chini ya mto. Aliomba kanga kuukuu. Alikataa mafuta yenye harufu. Na jicho lake lilipomwangukia Saif, mwanawe wa kumzaa, amesimama na beseni la maji, alijifunika uso.

"Huyu mwanamume yuwafanya nini humu?" akamuuliza Mahfudha. "Mtoe. Mimi nimo edani."

Saif ni karani bandarini, anakaa mtaa wa Tudor na mkewe. Kila alasiri akitoka kazini huja moja kwa moja, hupanda ngazi zile za mawe akiwa bado na jasho la njiani, huvua viatu mlangoni. Kumwinua Bi Ummukulthum ni kazi ya watu wawili. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, na maradhi yamempunguza akili tu, mifupa ni ile ile. Saif hushika mabega, Mahfudha hushika miguu. Akioshwa, Saif humwegemeza kifuani na kugeuza uso wake ukutani, mpaka dada aseme tayari. Kuna kidonda mgongoni kinachotaka kufunga na kinachoogopa kufunga. Kuna harufu ambayo udi hauiondoi, huifunika tu. Haya si mambo ya kupambwa kwa maneno, nami siyapambi.

Siku za kawaida, mama alimchukulia Saif kuwa jamaa fulani aliyemsahau jina, akaona haya kumuuliza, akakubali kubebwa. Siku za eda hakukubali. Alipiga kelele kwa sauti ya mwanamke aliyeingiliwa chumbani na mgeni. Saif alitoka nje, akakaa ngazini, akasikia kitanda kikilia, akasikia dadake akihema, akasikia mamake akiomba radhi kwa uzito wake mwenyewe. Mara nyengine Nasiha, jirani wa nyumba ya pili, alipita kumsaidia Mahfudha. Mara nyengine Nasiha hakuwepo, na mama alilala juu ya shuka iliyolowa mpaka apatikane mwanamke wa kumgeuza.

Ndugu hawa wawili waligombana jikoni, kwa sauti za chini, mlango umerudishwa. Saif alitaka waseme baba yuko msikitini. Neno moja tu, akasema, si kosa, mama atatulia, naye ataingia kufanya kazi yake. Mahfudha akasema amefundisha watoto wa watu kwamba uongo ni haramu, sasa aje amdanganye aliyemfundisha yeye. Tena, akasema, yule mzee ameadhinia mji huu maisha yake yote, leo mkewe mwenyewe aambiwe hajafa, basi nani atakayemlilia? Saif alikuwa na hoja nyingi alizozipanga njiani kutoka bandarini. Zote zikamtoka.

"Nataka kuingia, dada," akasema. "Basi. Nataka kuingia kwa mamangu kabla hajaniondoka."

Mahfudha alikuwa akichuja chai. Aliichuja mpaka birika likaisha.

Walimuuliza shekhe wa mtaani. Shekhe akawaambia mama yao kalamu imeinuliwa juu yake, hana dhambi, hana deni, eda yake aliikaa na ikapita. Kuhusu wao, alifikiri sana, kisha akasema Mwenyezi Mungu anajua nia. Mahfudha akatoka pale amekunja uso, kwa kuwa hilo si jibu, na yeye hulijua jibu akilisikia. Lakini muadhini alipoadhini siku ile, na mama akauliza, Mahfudha alikwenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

Saif ndiye aliyesema. "Baba yuko msikitini, mama."

"Si sauti yake hii."

"Koo limemkauka. Amemwachia mwengine aadhini."

Uso wa Bi Ummukulthum ukafunguka. Yaani jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, koo. Akasema mwenyewe hasikii, ameambiwa asinywe maji ya barafu. Akaagiza tangawizi ichemshwe, itiwe asali. Akaomba wanja, akaomba asmini, akaomba udi ufukizwe chumbani, maana mume hapokelewi na harufu ya dawa. Mahfudha akamtia wanja. Saif akaingia, akamwinua, akamkalisha juu ya mito, na mamake akamshukuru akamwombea kheri.

Siku hizo zilikuwa nzuri. Ni aibu kusema, lakini zilikuwa nzuri, na Saif alizipenda kwa moyo wake wote. Aliingia bila kufukuzwa. Alimkata kucha mamake. Alimchana nywele, chache, laini, nyeupe, na mama akamsimulia habari za mume wake kama anamsimulia mgeni, jinsi alivyokuja kumposa na kikohozi, jinsi ndugu zake walivyocheka wakisema mwanamume gani huyu haishi kukohoa. Mahfudha alisikiliza mlangoni na kikapu cha nguo. Yeye na Saif hawakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Usiku ulipoingia, kabla Saif hajaondoka, walikula jikoni sahani moja, mbaazi na mahamri yaliyobaki, na Mahfudha akaigiza kikohozi cha baba, wakacheka mpaka Mahfudha akalazimika kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Tangu utotoni hawakuwa wamekaa pamoja hivyo.

Lakini mama hakula.

Mke wa malezi yake hali kabla ya mumewe. Wali uliletwa, akaufunika. Samaki akaletwa, akamfunika. Wakamwambia baba amesema ule. Akawatazama kwa huruma, kama watoto wanaosema uongo wakiwa na sukari mdomoni.

"Alisema lini? Hakupanda. Ngazi zake nazijua."

Na kikombe cha tangawizi kikapoa, kikatiwa moto, kikapoa. Akangoja mpaka usingizi ukamchukua na njaa yake. Siku nyengine hivyo hivyo. Uji kidogo alfajiri, kabla hajakumbuka kungoja, ndicho kilichoingia tumboni. Mifupa ya mashavu ikaanza kujitokeza chini ya wanja. Kidonda cha mgongoni kikaongezeka. Kweli ilimliza, uongo ukamkondesha. Ndugu wakatazamana juu ya kichwa chake, kila mmoja akijua hana cha kumlaumu mwenziwe.

Ndipo Saif alipokumbuka sauti.

Alikuwa nayo katika simu. Alfajiri moja, baba akiwa bado mzima, Saif alilala huku Mji wa Kale, akaenda naye msikitini, na baba alipoinuka kuadhini yeye aliinua simu akairekodi. Hakuwahi kuisikiliza tangu msiba. Sasa akanunua spika ndogo, akaiweka kwenye kona ya ngazi. Alidhani mama akisikia sauti ya mumewe, atajua mwenyewe amepona, amemaliza kazi yake, amekula kwa wenziwe. Atakula. Mahfudha akamwambia adhana haichezewi. Akamwambia pia kuwa adhana ile ni ya alfajiri, ina maneno yasiyokuwemo katika nyengine, na mama hata awe amesahau jina lake mwenyewe hatasahau hayo. Saif akasema anajua. Ataizima kabla ya kufika hapo. Mahfudha akaitazama sahani iliyofunikwa, wali umekauka pembeni, akaenda zake.

Alasiri, kabla ya muadhini wa msikiti, Saif alibonyeza.

Nimwambie nani, sauti ile! Ilipanda ngazi kama mwenye nyumba. Haikuwa tamu, Sheikhan hakuwa na sauti tamu, ilikuwa na mkwaruzo na pumzi ndefu, na kila neno aliliweka mahali pake bila kulisukuma. Bi Ummukulthum akaacha kutazama vumbi. Akatabasamu. Akarudisha kila neno kwa mnong'ono kama anavyotakiwa kufanya mwenye kuisikia, na mkono wake ukaenda kwenye sahani, ukaifunua.

Saif alikuwa mlangoni, kidole juu ya kioo cha simu. Alijua mahali pa kuzima. Lakini mamake alikuwa ameshika tonge, na uso wake ulikuwa uso wa zamani, ule wa kumpokea akitoka skuli, na Saif akautazama, akautazama, akasahau kidole chake.

Assalatu khairun minan-naum, akasema baba. Swala ni bora kuliko usingizi.

Tonge likarudi sahanini.

Bi Ummukulthum akatazama dirisha la juu. Akatazama mwanga sakafuni, wa manjano, wa mchana uliochoka. Akasikiliza neno likirudiwa.

"Hiyo ni ya alfajiri," akasema polepole. "Na hilo ni jua la alasiri. Mwenyewe hakosei." Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mbele ya mwanawe, akamtaja mumewe kwa jina. "Sheikhan hakosei. Sheikhan amekufa."

Mahfudha akaingia mbio kutoka jikoni. Mama hakupiga kelele safari hii.

"Saif," akasema, "izime hiyo."

Alimjua. Alimwita kwa jina lake. Saif akaizima simu, akapiga magoti kando ya kitanda.

Mama akajigusa jicho, akatazama weusi kidoleni. Akajigusa nywele, akashusha asmini, moja, nyengine, akaziweka juu ya wali. Akauliza nani aliyempamba. Mahfudha akasema ni yeye. Akasema pia, haraka, machozi yakimtoka, kwamba mama alikaa eda, aliikaa yote, ikapita, hadaiwi kitu.

"Sikumbuki," mama akasema. "Eda nisoikumbuka ni yenu, si yangu. Nikiuliza, niambieni. Kila nikiuliza. Nisikae na mapambo nikimngoja maiti."

"Utalia, mama," Saif akasema. "Kila siku utalia."

"Na nilie. Mimi ndimi mkewe." Akamshika kidevu. "Dadako ataniambia tu, namjua. Nakwambia wewe. Wewe una huruma, na huruma yako yaniponza. Nipe mkono wako."

Mahfudha akafungua mdomo. Alitaka kumwambia mamake neno hilo litamgharimu nini mwanawe, kwamba kila atakaposema kweli atatolewa nje. Saif akamtazama dadake, akatikisa kichwa. Akampa mamake mkono.

Siku hiyo Bi Ummukulthum alikula. Alikula kwa mkono wa Saif, tonge ndogo ndogo, mpaka sahani ikaonekana chini. Akampapasa ndevu, akashangaa zimeingia mvi, akasema hakuna aliyemwambia. Akamuuliza habari za Tudor na mkewe. Giza lilipoanza kuingia alikuwa akimtazama kwa macho ya adabu, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Haikupita wiki. Mahfudha alikuwa darini akianua nguo, Saif amekaa peke yake na mama, mwanga uko pale sakafuni na vumbi lake. Muadhini akaadhini. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akageuka.

"Mwenyewe yuwapi?"

Angeweza kusema. Neno lilikuwa limekaa ulimini mwake, jepesi, lenye harufu ya tangawizi. Angeweza kumwinua, kumchana, kusikia tena habari ya kikohozi. Hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye na Mola wake, na mama mwenyewe angemshukuru. Saif akavuta kiti karibu.

"Mwenyewe amefariki, mama," akasema. "Mwaka jana, baada ya Idi. Alikufa kitandani kwake, na shahada ilikuwa mdomoni."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema Bi Ummukulthum.

Akalia. Alilia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na Saif akanyoosha mkono kama mtoto yeyote angenyoosha. Mama akauona mkono huo, mkono wa mwanamume, unamjia. Akavuta kanga usoni.

"Ndugu yangu, umefanya wema kuja kunambia," akasema kutoka ndani ya kanga. "Mola akulipe. Sasa toka. Mimi nimo edani, na wewe si wangu."

Saif akainuka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia akiitwa.

"Nina mwanangu mwanamume, yuwakaa Tudor. Saif jina lake. Mpitie umwambie babake amekufa. Mwambie aje. Yeye ndiye wa kuingia humu."

"Nitamwambia," akasema Saif.

Akaurudisha mlango. Akakaa ngazini, kwenye jiwe lililochakaa kwa nyayo za baba na zake. Mahfudha akashuka kutoka darini na mzigo wa shuka, akasikia kilio, akamwona nduguye alipokaa, akaelewa. Akaweka mzigo chini. Akamwekea mkono kichwani, kitambo kidogo, kisha akaingia.

Sauti zilimfikia Saif kupitia mbao. Alimsikia mama akiomba kanga kuukuu. Alimsikia akiuliza kama Saif ameambiwa.

"Ameambiwa, mama," akasema Mahfudha, ambaye hajui uongo. "Amekuja. Yuko hapo mlangoni."

"Basi mbona haingii?"

Saif akasikia shuka ikikunjuliwa, akasikia dadake akivuta pumzi kabla ya kuinua peke yake.